Kiuno kisichopoa: kagua dalili kwanza, kisha tafuta sababu

Lamu mgongo haupewi likizo. Vichochoro vya mji havipitishi gari, kwa hivyo saruji, mawe ya kutoka Manda, magunia ya unga na mitungi ya maji hupita kwa punda, kwa mkokoteni, na mara nyingi kwa bega la mtu. Tia pondo, nanga na tanga, tia na mpira wa jioni ufuoni maji yakipwa, utaona kwa nini malalamiko ya kiuno hayaishi barazani. Mwongozo huu ni wa watu hao: mtu mwenye nguvu zake, wa kazi au wa mazoezi, ambaye kiuno kimemshika zaidi ya miezi 3, au humwachia wiki mbili kisha kikamrudia.

Shirika la Afya Duniani linasema takriban visa 9 kati ya 10 vya maumivu ya kiuno havina ugonjwa mmoja maalumu unaoweza kunyooshewa kidole. Si kwamba mgonjwa anajizulia. Anaumwa kweli, lakini hakuna mfupa uliovunjika wala uvimbe. Mgongo umekuwa mwepesi wa kuchokozeka, na dawa yake kubwa ni kuurudisha kazini kwa kipimo. Wengi hufanya kinyume. Hulala wiki nzima, wakapata nafuu, kisha siku moja wakarudi kubeba mzigo uleule waliouacha.

KABLA YA YOTE: DALILI ZA KUKUPELEKA HOSPITALI

Ukiona mojawapo ya hizi, acha kusoma na uende. Usingoje kupambazuke.

- Ganzi sehemu za siri, baina ya mapaja au makalioni, pale pote panapogusa tandiko ukimpanda punda.
- Mkojo unakataa kutoka, au mkojo na choo vinatoka bila wewe kujua.
- Miguu yote miwili inalegea, au unyayo unaburuta na udhaifu unazidi.
- Maumivu makali baada ya kuanguka kutoka mnazini, darini au mlingotini.
- Maumivu ya mgongo pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda bila sababu, au kwa mtu aliyewahi kuugua saratani.
- Mzee aliyeshikwa ghafla na maumivu makali ya mgongo na tumbo, na huku anaona kizunguzungu.
- Mtu aliyezamia kwa mtungi wa hewa, akapanda juu, kisha mgongo ukauma na miguu ikafa ganzi.

Dalili mbili za mwanzo zinaweza kumaanisha kwamba mishipa ya fahamu iliyo mwisho wa uti wa mgongo imebanwa. Ikiwa ndivyo, upasuaji hutakiwa upesi, ndani ya siku moja au mbili, la sivyo mtu anaweza kubaki na ulemavu wa kudumu wa kibofu au miguu. Watu wetu wana haya. Mtu atasema “mgongo waniuma” na kunyamazia habari ya mkojo, arudishwe nyumbani na vidonge. Ukifika Hospitali ya King Fahad, litamke jambo lenyewe mbele ya daktari: hapa nimekufa ganzi, na mkojo hautoki tangu saa fulani. Mwanamke asiyeweza kusema hayo mbele ya mwanamume aombe kuonana na daktari au muuguzi wa kike, lakini asiondoke bila kuyasema.

DALILI: ASUBUHI KIMEKAZA, NIKITEMBEA KINALEGEA

Sababu ya kawaida kuliko zote ni usiku wenyewe. Baina ya pingili za mgongo mna diski, yaani vitakia laini, na mtu akilala hizo diski hunyonya maji zikajaa. Ndiyo maana kila mtu huamka na urefu wa ziada wa kama sentimita moja. Diski iliyojaa haipendi kukunjwa, na saa ya kwanza baada ya kuamka ndiyo saa mbaya zaidi ya kuinama na mzigo. Sasa mtazame mvuvi: anaamka kabla ya alfajiri, anaswali, anashuka ufuoni na hapo hapo anaweka mgongo chini ya mashua kuisukuma majini.

Jaribu kwanza lililo jepesi. Kwa wiki mbili, usiinue wala kusukuma kitu kizito katika nusu saa ya kwanza. Tembea kidogo ukitoka msikitini, nanga aing'oe mwenzako. Rukuu na sijda zifanye polepole, mikono ikikutegemeza. Na siku ambayo haziwezekani, mgonjwa ana ruhusa ya kuswali ameketi.

Sababu ya pili ni kitanda. Kitanda cha kamba kilicholegea katikati humkunja mtu usiku kucha. Lala siku tatu mahali pengine, hata sakafuni juu ya godoro. Ukiamka afadhali, kamba zikazwe. Wala usidhani kigumu zaidi ndicho bora: jaribio lililofanyika Hispania na kuchapishwa 2003 lilionyesha kwamba wenye maumivu ya muda mrefu walipata nafuu zaidi kwenye godoro la ugumu wa wastani kuliko kwenye godoro gumu. Ukilala ubavu, weka mto baina ya magoti. Ukilala chali, uweke chini yake.

Sababu ya tatu haipatikani sana, lakini hupita miaka bila kugunduliwa: baridi yabisi ya uti wa mgongo. Huwaanza watu kabla ya miaka 45. Kukaza kwa asubuhi huzidi nusu saa, maumivu humwamsha mtu usiku wa manane kuelekea alfajiri, na jambo la kushangaza ni kwamba kupumzika huyazidisha na kutembea huyapunguza. Pengine huuma tako hili leo na lile kesho, au jicho hugeuka jekundu na kuuma. Kijana wa namna hii asikandwe mwaka mzima. Aonwe na daktari, apimwe damu na apigwe picha ya nyonga, kwa sababu ugonjwa huu una dawa zake maalumu.

DALILI: KINAUMA NIKIINAMA, NIKIINUA AU NIKIVUTA

Hapa ndipo penye watu wengi, na sababu ya kwanza karibu kila mara ni kazi iliyopanda ghafla. Wakati wa kusi, hasa mwezi wa sita hadi wa nane, bahari ya nje huchafuka na vyombo vidogo hukaa. Upepo ukitulia, mtu aliyekaa barazani miezi miwili anarudi kuvuta nyavu kutwa nzima. Fundi aliyekosa kazi wiki tatu anaitwa kupakua jahazi zima la mawe. Mchezaji aliyepumzika mwezi wa Ramadhani anacheza mechi tatu katika siku za Idi. Mgongo haukudhurika kwa sababu kazi ni nzito. Ulidhurika kwa sababu ulikuwa umeisahau kazi hiyo.

Namna ya kukagua: rudi nyuma wiki nne, jiulize kila wiki ulibeba nini, safari ngapi, saa ngapi. Ukiona wiki iliyotangulia maumivu imeruka mara mbili ya ile ya kabla yake, usitafute mchawi. Punguza kazi hadi nusu, usiiache kabisa, kisha ongeza kidogo kila wiki.

Sababu ya pili ni kujipinda na mzigo mkononi. Msimamie mtu anayejaza mashogi ya punda kwa mifuko ya mchanga, utazame miguu yake. Imezama mchangani hadi vifundoni na haisogei. Anainama mbele kuchukua mfuko, anainuka nao mikono ikiwa mbali na mwili, na kiuno peke yake ndicho kinachogeuka kuelekea kwa punda. Mifuko hamsini kwa siku, yote upande mmoja. Marekebisho ni rahisi kuyasema na magumu kuyazoea: mzigo ugande tumboni, miguu igeuke pamoja na mwili, na punda asimamishwe upande huu asubuhi na upande wa pili mchana. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni wa watu wawili kwa aliyetoka kuumwa.

Kuinama kwa nyonga kunafunzika kwa fimbo. Iweke mgongoni, iguse kisogo, baina ya mabega na mfupa wa mkia. Sukuma makalio nyuma na uiname bila fimbo kuachana na hata sehemu moja kati ya hizo tatu. Lakini nisikudanganye: hakuna namna moja ya kuinua inayomkinga mtu na kila maumivu. Mgongo umeumbwa ujikunje. La muhimu ni mzigo kuwa karibu na mwili, na mwili kuwa umeuzoea.

Sababu ya tatu ni kukaa mkao mmoja. Mchonga milango aliyeinamia ubao, mshona nyavu aliyenyoosha miguu chini, nahodha wa boti aliyekaa nyuma na mkono kwenye mashine. Kila nusu saa simama, weka viganja kiunoni, jiegemeze nyuma taratibu mara kumi.

Ya nne ni diski iliyochokozeka. Huuma zaidi ukikaa, ukikohoa au ukipiga chafya. Lala kifudifudi, jiinue kwa viwiko, tulia hivyo dakika mbili tatu. Maumivu yakirudi kutoka takoni kuja katikati ya kiuno, hiyo ni ishara njema, hata kama katikati pamezidi kidogo. Rudia mara kadhaa kwa siku. Yakishuka kuelekea mguuni, acha zoezi hilo na usome sehemu ya mguu hapa chini.

DALILI: KINAPOA, NIKIRUDI KAZINI KINARUDI

Hii ndiyo inayowavunja watu moyo, nami naijali kuliko zote. Mtu amekandwa, amechomwa sindano, amepiga chuku, kila mara akapata siku chache za raha. Sababu kuu ni kwamba vyote hivyo alifanyiwa akiwa amelala. Hakuna kilichoujengea mgongo uwezo wa kustahimili kazi. Sababu ya pili ni woga: aliyeumia akiinama hukaza mwili mzima kila akiinama, na misuli iliyokazwa kutwa huuma yenyewe.

Anza kwa kutembea. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2024 katika jarida la The Lancet uliwafuata watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno. Waliopewa mpango wa kutembea walikaa siku 208 kwa kadirio la kati kabla ya maumivu kurudi. Wasiopewa mpango walikaa siku 112. Lengo lao lilikuwa dakika 30, mara 5 kwa wiki, wakipanda pole pole. Sisi tuna njia ya kutoka mjini kwenda Shela, kama kilomita 3 kando ya maji. Nenda maji yakiwa yamepwa na mchanga ni mgumu. Mchanga laini wa juu huchosha kiuno haraka, uache kwa baadaye. Ufuo una mteremko, kwa hivyo urudi kwa njia uliyoendea ili nyonga zote mbili zipate zamu. Aliyekaa muda mrefu aanze na dakika 10.

Juu ya kutembea ongeza mazoezi matatu, siku moja ndiyo, siku moja hapana:

Piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, hesabu hadi kumi, badilisha. Kiuno kisiyumbe; ukiwekewa kikombe cha maji mgongoni kisimwagike.

Lala ubavu, jiinue kwa kiwiko na magoti, mwili unyooke. Sekunde kumi, pumzika, rudia mara tano kila upande. Baada ya wiki kadhaa tumia nyayo badala ya magoti.

Lala chali, kunja magoti, inua makalio polepole na ushuke.

Ukiyaweza hayo wiki tatu bila kuzidiwa, rudi kwenye mzigo. Mtungi wa lita 5 kwa kila mkono, tembea uani kwenda na kurudi. Kisha lita 10. Lita 20, yaani kilo 20, upande mmoja na kupanda ngazi, ije mwisho. Kipimo cha kujiongoza ni hiki: maumivu kutoka 0 hadi 10, kazi au zoezi likiyafikisha 3 au 4 si neno, mradi kesho asubuhi yamerudi palepale yalipokuwa. Yakibaki juu, rudi hatua moja, usirudi mwanzo. Hesabu wiki 6 hadi 12. Wengi huacha wiki ya pili, wakati mabadiliko hayajapata nafasi ya kuonekana.

DALILI: MAUMIVU YANASHUKA MGUUNI

Yakipita goti, yakiwa na ganzi au kuchoma kama moto, mara nyingi diski imegusa mshipa wa fahamu. Yanatisha, lakini kwa wengi hupungua ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu. Kagua nguvu za mguu: tembea hatua kumi kwa visigino, kumi kwa ncha za vidole. Mguu mmoja ukishindwa, muone daktari wiki hii. Ukishindwa na huku unazidi kulegea, nenda leo.

Kwa sasa usiuvute mguu huo kwa mazoezi ya kujinyoosha; mshipa uliovimba hauponi kwa kuvutwa. Tembea masafa mafupi mara nyingi. Wala usimruhusu mtu yeyote kukupanda mgongoni au kukuvunja kwa goti, hata awe mkandaji mwenye sifa Pate nzima.

Maumivu yaliyo kwenye kinena, yanayozidi ukikunja mguu kuvaa kiatu, huenda yatoka kwenye kiungo cha nyonga na si mgongoni kabisa.

DALILI: KINAUMA NIKIJIEGEMEZA NYUMA AU NIKISIMAMA SANA

Umri ndio unaoamua. Mchezaji wa chini ya miaka 20 anayeumwa akipiga mpira kwa nguvu au akijipinda nyuma huenda ana ufa mdogo kwenye pingili. Hapa peke yake ndipo ninaposema acha mchezo kabisa kwanza, kwa sababu mfupa unahitaji miezi ya kuunga. Kocha asimbembeleze hata kama ni fainali.

Mzee anayeumwa miguu akitembea na kupata nafuu akiinamia mkokoteni au akikaa huenda njia ya mishipa ya fahamu imekuwa nyembamba. Atembee vipande vifupi akikaa njiani, na aonwe na daktari.

DALILI: KINAUMA VILEVILE HATA NIKITULIA

Maumivu ya misuli na pingili hubadilika na mkao. Yasiyobadilika yatafutie asili nyingine. Chini ya mbavu upande mmoja, na homa au mkojo unaochoma, ni figo. Maumivu yanayokuja kwa mawimbi hata mtu hajui akae vipi huwa mawe ya figo, na wanaoshinda juani baharini bila maji ya kunywa ya kutosha wamo hatarini. Kwa wanawake, yanayofuata mwezi yachunguzwe tumbo la uzazi. Homa ya kuja na kuondoka kwa mtu anayekunywa maziwa mabichi inaweza kuwa ya bruselosisi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, na kifua kikuu nacho hushambulia pingili za mgongo. Vyote viwili vina vipimo na vina dawa.

Wapo wanaokunywa mizizi ya ngiri mwaka mzima kwa ajili ya kiuno. Ngiri ya kweli huonekana: uvimbe kwenye kinena unaojitokeza ukikohoa. Huo nao ni wa daktari wa upasuaji. Ukiwa mgumu, unauma na haurudi ndani, ni wa dharura.

DAWA, MIKANDA NA PICHA

Ibuprofen na diclofenac hupunguza maumivu kwa siku chache, zikakuwezesha kutembea. Zikitumiwa mfululizo huumiza tumbo na figo, hasa kwa mwenye presha, vidonda vya tumbo au aliyekaukiwa maji. Mwezi wa Ramadhani usizimeze tumbo tupu. Ngoja hadi baada ya futari, na unywe maji mengi usiku.

Kukandwa kwa mafuta ya uto na maji moto ni raha ya halali, na misuli ikilegea tumia saa hiyo kufanya mazoezi. Ukipiga chuku, wembe uwe mpya na ufunguliwe mbele yako, kwa ajili ya virusi vya homa ya ini na ukimwi. Mkanda wa kiuno kwa maumivu ya muda mrefu haupendekezwi na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023. Leso au kikoi kilichokazwa kutwa kinaingia humo humo.

Picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku, si hatua ya kwanza. Hata miongoni mwa watu wa miaka 20 wasioumwa popote, zaidi ya theluthi moja huonekana diski zao zimeanza kuchakaa. Wakifika 80, ni karibu wote. Picha inafaa kukiwa na dalili za hatari, mguu unaopoteza nguvu, au upasuaji unaofikiriwa. Bila hayo, pesa hizo zitafute kwanza mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na umwendee ikiwa wiki 6 za mpango ulioufuata kikweli hazijaleta tofauti.

Ukipewa rufaa ya Mombasa, nenda na orodha ya dawa ulizokwisha kutumia na picha zako za zamani. Ndani ya basi weka shali iliyokunjwa nyuma ya kiuno, na kila likisimama njiani shuka utembee, hata kama ni dakika tano.